Binti mrushaji wa softiboli Mwanza na ufadhili wa vyuo vya Marekani: je, nimlipe wakala?

Mzazi wa Buswelu ameuliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaomba ushauri wa watu wanaolifahamu jambo hili kwa undani, kwa sababu hapa nilipo kila ninayemuuliza hunijibu kwa kubahatisha.

Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya sekondari hapa Ilemela. Tangu utotoni alikuwa fundi wa rede, na mwalimu wao wa michezo, ambaye alijifunza softiboli, mchezo wa fimbo na mpira unaofanana na besiboli, alipokuwa Dar es Salaam, alipoanzisha timu ya wasichana alimchagua moja kwa moja awe mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Vifaa vyao ni vya kuungaunga: besi ni viroba vilivyojazwa mchanga, glovu ni chache na karibu zote za mtumba, na wapigaji hupokezana fimbo moja ya alumini ambayo mpini wake umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Pamoja na hayo, mtoto anarusha kwa kasi ambayo wenzake wengi hushindwa hata kuugusa mpira.

Sasa amejitokeza mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa wanamichezo. Anadai kwamba vyuo vya Marekani vinawatafuta wachezaji wa softiboli kutoka Afrika, kwamba ufadhili wao ni wa asilimia mia moja ukijumuisha ada, malazi na chakula, na kwamba ili "afunguliwe faili" ninatakiwa kulipa shilingi milioni mbili na nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipomwomba anitajie chuo kimoja tu na jina la kocha wake, alinijibu kuwa hizo ni siri za kazi. Mama yake binti anaona tusiiache bahati ipite, lakini mimi roho inasita. Je, njia hiyo ipo kweli? Kama ipo, mtu anaipita vipi bila wakala, na ni mambo gani tunapaswa kuyaanza sasa hivi?

Aliyesoma Kansas amejibu:

Shikamoo baba. Nilisoma chuo cha miaka miwili katika jimbo la Kansas, na kibarua changu cha chuoni, kile ambacho mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kukifanya, kilikuwa kuitunzia timu ya softiboli vifaa vyake na kuandika takwimu za mechi. Ofisi ya kocha ilikuwa chumba hichohicho, kwa hiyo barua za wasichana wanaoomba nafasi niliziona zikisomwa na nyingine zikipitwa bila kufunguliwa.

Njia ipo, na huyo mtu usimlipe. Kocha wa chuo hahitaji faili la wakala. Anahitaji video, matokeo ya darasani na barua iliyoandikwa na mchezaji mwenyewe. Zaidi ya hapo, kanuni za NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, zinaziruhusu kampuni za kutangaza wachezaji kutoza ada ya kawaida ya huduma, lakini malipo yanayotegemea kupatikana kwa ufadhili, kwa mfano asilimia fulani ya ufadhili wenyewe, yanaweza kumharibia binti sifa ya kuwa mchezaji wa ridhaa. Mtu anayekuficha jina la chuo, halafu anakupa tarehe ya mwisho ya kulipa, amekwisha kukujibu swali lako.

Kuhusu "asilimia mia moja", ni vizuri ujue fedha yenyewe inavyogawanywa. Hadi msimu wa 2024–25, chuo cha Daraja la Kwanza la NCAA kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12 kwa timu nzima ya softiboli, na kocha aliweza kuukata vipande ili uwafikie wachezaji ishirini na kitu. Mahakama ilipoidhinisha maridhiano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, mwezi Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango huo viliondolewa kikomo cha ufadhili, vikawekewa badala yake kikomo cha wachezaji 25 katika timu. Kwa mtoto wa Kimarekani anayetafutwa na kila mtu hiyo ni habari njema. Kwa msichana asiyejulikana kutoka Mwanza, ina maana kwamba kocha hana tena nafasi ya ziada ya kumjaribu mtu. Daraja la Pili lina ufadhili 7.2 kwa timu, na huo ndio hukatwa vipande hasa, kiasi kwamba mchezaji anaweza kupewa robo ya ada na akafurahi. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wowote wa michezo. Vyuo vya NAIA, chama kingine kilicho kidogo kuliko NCAA, vina 10, na vyuo vya miaka miwili vya chama cha NJCAA, katika divisheni yao ya kwanza, vinaweza kutoa hadi 24.

Ukizitazama namba hizo utaona kwa nini ninakuelekeza kwenye vyuo vya miaka miwili. Makocha wa Daraja la Kwanza huwatazama wasichana katika mashindano ya kiangazi ya klabu, Colorado na California, ambako mrushaji wa kuzungumziwa anapeleka mpira kwa maili 65 kwa saa, yaani karibu kilomita 105, na wamekuwa wakimwona uso kwa uso misimu kadhaa. Binti yako hatakuwepo uwanjani huko. Kocha wa chuo cha miaka miwili katika mji mdogo, ambaye kila baada ya miaka miwili wachezaji wake huhitimu na kumwacha bila mrushaji, ana sababu ya kuifungua barua kutoka Tanzania. Binti akicheza vizuri hapo, baada ya miaka miwili anahamia chuo cha miaka minne, na safari hii makocha watakuwa wamemwona.

Daraja la Tatu nalo usilidharau kwa kuwa halina fedha ya michezo. Baadhi ya vyuo hivyo vina fedha nyingi ya kuwasaidia wanafunzi kwa sababu ya ufaulu au hali ya familia, na vichache kati yake huwapa hata wanafunzi wa kigeni. Msaada wa serikali kuu ya Marekani mwanafunzi wa kigeni haupati kabisa, kwa hiyo fedha ya chuo chenyewe ndiyo tegemeo, na ninyi wazazi mtatakiwa kujaza pengo litakalobaki. Kazi ya chuoni ya saa 20 kwa wiki haitoshi kulijaza.

Jambo moja linalowavunja watu moyo bure: katika Daraja la Kwanza kocha wa softiboli haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari kwa hesabu ya Kimarekani, yaani mwaka mmoja kabla ya ule wa kumalizia. Mtoto anaandika, hajibiwi, anadhani amekataliwa. NAIA na NJCAA hawafungwi na kanuni hiyo. Kwa vile mpangilio wa madarasa yetu unawachanganya, sentensi ya kwanza ya barua itaje mwaka anaotarajia kumaliza shule na mwaka anaotarajia kuanza chuo.

Mwalimu wa Nyegezi ameandika:

Ninaunga mkono maelezo ya dada hapo juu, ila ningependa kuyaongezea upande ambao sisi walimu tunauona ukiwaangusha watoto wenye vipaji vya kweli, nao ni darasa na karatasi.

Anayetaka kucheza Daraja la Kwanza au la Pili lazima ahakikiwe na Kituo cha Ustahiki cha NCAA. Kituo hicho hudai masomo 16 ya msingi yaliyosomwa sekondari, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na nyongeza zake, kwa wastani usiopungua 2.3 kwa Daraja la Kwanza na 2.2 kwa la Pili, kwa kipimo chao cha hadi 4.0. Masomo ya ufundi na ya biashara kwa kawaida hayaingii katika hesabu hiyo. Tangu Januari 2023 NCAA haidai tena mtihani wa kujiunga na vyuo wa SAT wala ACT, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai, na karibu kila chuo kitataka kipimo cha Kiingereza kama TOEFL au Duolingo. Vyuo vya miaka miwili havipiti katika kituo hicho, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia huko.

Sasa, baba, lipo suala la muda. Kwa sehemu kubwa ya michezo, softiboli ikiwemo, kanuni za NCAA zimekuwa zikimpa mhitimu wa sekondari mwaka mmoja wa neema kabla ya kujiunga na chuo, na akiendelea kucheza mashindano rasmi baada ya mwaka huo anaanza kukatwa misimu yake ya kucheza. Sisi tuna mhitimu wa kidato cha nne na mhitimu wa kidato cha sita, na kati yao kuna miaka miwili. Kwa hiyo kabla ya kuamua kama binti aende kidato cha tano au aombe chuo kwa cheti cha kidato cha nne, andikeni Kituo cha Ustahiki mkaulize ni cheti kipi watakachokihesabu kuwa ndicho cha kuhitimu, na jibu lao mlihifadhi. Nimeona familia ikiamua jambo hili kwa kusikiliza maneno ya barazani.

Karatasi ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Chukueni leo cheti cha kuzaliwa cha binti, kadi yake ya kliniki, cheti cha darasa la saba na taarifa zake za usajili wa mtihani wa kidato cha nne, muviweke mezani kwa pamoja, msome herufi kwa herufi. Katika shule zetu za huku Kanda ya Ziwa ni jambo la kawaida kabisa mtoto kuandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, kufanyia mtihani kwa majina mawili, halafu RITA wakatoa cheti chenye majina matatu na mwaka wa kuzaliwa uliorudishwa nyuma au kusogezwa mbele. Hapa nyumbani tofauti hiyo humalizwa kwa hati ya kiapo. Mbele ya ofisa wa ubalozi inasomeka kama udanganyifu. Wapenzi wa mchezo huu ng'ambo ya ziwa wanakumbuka yaliyowapata vijana wa Kampala mwaka 2011: walishinda kanda yao na kupata tiketi ya fainali za dunia za Little League za besiboli kule Pennsylvania, kisha wakanyimwa visa kwa sababu nyaraka za umri wao zilipingana, na nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Saudi Arabia. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafuzu, ikasafiri, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo.

Marekebisho ya majina yafanyike kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne kufungwa. Cheti kikishatoka na jina lenye kasoro, kulirekebisha ni safari nyingine kabisa.

Mkazi wa Isamilo ameandika:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini nashangaa mazungumzo yamefika hapa bila mtu kutaja visa. Amri ya Rais wa Marekani iliyosainiwa tarehe 16 Desemba 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2026 iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zenye zuio la sehemu, na zuio hilo linazihusu visa za wanafunzi za kundi F, pamoja na za M, J na za matembezi. Kwa maneno mengine, binti anaweza kupata kocha, akapata ufadhili, chuo kikamtumia fomu ya I-20 ya kuombea visa ya mwanafunzi, na bado akakwama. Huyo wakala anayetaka milioni mbili na nusu kabla ya mwisho wa mwezi analijua hilo au halijui, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba msitumie fedha yoyote isiyorudishwa kwa ajili ya Marekani kwa sasa. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya maombi ya visa ni dola 185, na hazirudi hata ukinyimwa. Kama familia inatazama nje ya nchi kwa dhati, fikirieni Japani pia, nchi iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki ya softiboli mwaka 2008 na tena katika Michezo ya Tokyo, na ambayo vyuo vyake vina timu za mchezo huo. Ufadhili wa serikali yao unaoitwa MEXT hulipa ada, posho na nauli, na kwa shahada ya kwanza huanza na mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Hautolewi kwa sababu ya michezo, unadai mtihani mgumu wa hisabati na Kiingereza, na unahitaji miaka 12 ya shule, hivyo binti atapaswa kumaliza kidato cha sita kwanza. Lakini mlango wake uko wazi.

Aliyesoma Kansas amejibu:

Kaka wa Isamilo yuko sahihi kuhusu visa, na ninamshukuru kwa kuliweka jambo hilo wazi. Ninapotofautiana naye ni kwenye hitimisho. Amri hiyo inaagiza mapitio kila baada ya siku 180, na binti hatamaliza kidato cha nne hadi Novemba mwakani. Hata akifaulu vizuri, muhula wa chuo huanza Agosti ya mwaka unaofuata. Hakuna anayeweza kumwahidi baba huyu kwamba zuio litakuwa limeondolewa, na lisipoondolewa binti hapandi ndege. Lakini mambo anayopaswa kuyafanya sasa, yaani ufaulu, majina kwenye vyeti, video na barua kwa makocha, hayahitaji visa na karibu yote ni ya bure. Kwa ushauri wa vyuo na ufadhili, kitengo cha EducationUSA cha Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam hakitozi chochote. Na maandalizi yote anayoyataja kwa Japani, hisabati na Kiingereza, ndiyo hayohayo.

Mzazi wa Buswelu ameandika:

Nawashukuruni sana. Jana usiku tumeviweka vyeti mezani kama Mwalimu alivyoelekeza, na kweli cheti cha darasa la saba kina majina mawili huku cha kuzaliwa kikiwa na matatu, tena jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. Nitaanza na shule, kisha RITA. Wakala nimemwambia kwamba nitalipa siku atakaponipa jina la kocha, na tangu hapo hajapiga simu.

Ninaomba mnisaidie jambo moja la mwisho. Mwalimu wao wa michezo ana simu yenye kamera nzuri na yuko tayari kumrekodi. Je, kocha anataka kuona nini hasa? Mechi zao ni chache na uwanja wenyewe una mteremko.

Aliyesoma Kansas amejibu:

Baba, mechi si za lazima. Kocha anajua kwamba mpigaji dhaifu humfanya mrushaji yeyote aonekane hodari, kwa hiyo atataka kumwona binti akirusha, kamera ikiwa imetulia na video haijakatwakatwa.

Kwanza pimeni uwanja kwa futi kamba ya fundi, msikadirie kwa hatua. Katika mchezo wa wanawake wa vyuo, kutoka kwenye bamba la mrushaji hadi kwenye besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, ni futi 43, yaani mita 13.11, na kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60, yaani mita 18.29. Mchukueni akiipima kamba mwanzoni mwa video, ili kocha aone kwamba umbali ni wa kweli. Mteremko ukwepeni, tafuteni sehemu tambarare hata kama ni nje ya uwanja wa shule, kwa kuwa mrushaji anayerusha kuelekea bondeni kila mtu humwona ana kasi. Mpira uwe wa inchi 12 wa mzunguko, ule wa mchezo wenyewe, hata kama mnao mmoja tu.

Simu iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, kwanza nyuma ya mdakaji ili mpira uonekane unavyopinda, kisha ubavuni ili kocha aone mzunguko wa mkono, hatua ya mguu na kama kiganja kinapita karibu na nyonga. Arusha mipira kumi mfululizo bila kusimamisha video, mizuri na mibaya ikiwa pamoja. Kocha wetu alikuwa akizima mara moja video yoyote yenye muziki na vipande vya sekunde mbili mbili, kwa kuwa alidhani kilichokatwa ndicho alichotaka kukiona. Kama mnaweza, aseme kabla ya kila mpira ni wa aina gani, wa kasi, wa kupunguza mwendo au wa kudondoka. Kiingereza chake kitasikika hapohapo, na hilo nalo ni jibu la swali ambalo kocha angeliuliza baadaye.

Baada ya hapo apige mipira michache, na akimbie kutoka besi ya nyumbani hadi ya kwanza, kamera ikionyesha mwanzo na mwisho katika picha moja. Msiandike muda, kocha ana saa yake, na anaiamini kuliko yenu. Sekunde 3 au pungufu zitamfanya aangalie mara ya pili. Video nzima isizidi dakika tano, na sekunde za mwanzo zionyeshe jina lake kama lilivyo kwenye cheti kilichorekebishwa, mwaka wa kumaliza shule, urefu wake, mkono anaorushia, na anwani ya barua pepe anayoifungua yeye mwenyewe.

Msidharau nguvu ya video ya uwanja wa vumbi. Dennis Kasumba wa Uganda, mdakaji wa besiboli, alijulikana duniani kwa video alizojirekodi akifanya mazoezi na matairi ya gari, na mwaka 2023 akaichezea timu ya Frederick Keys huko Maryland, Marekani, ingawa naye alihangaishwa na visa kabla ya kuipata.

Video iwekwe YouTube kwa kiungo kisichohitaji nywila, kisha binti aandike barua fupi, yeye mwenyewe, kwa jina la kocha na la chuo, akiambatanisha kiungo hicho na matokeo yake ya muhula wa mwisho. Fomu ya wachezaji watarajiwa iliyoko kwenye tovuti ya timu aijaze pia, maana vyuo vingine huanza na hiyo kabla ya kusoma barua. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi Januari, aandike tena kwa makocha walewale.